Maombi Yangu Yamesikika Ghala Zima

Dada, nacheka huku natetemeka!

Unajua huwa naiombea timu yangu kwenye chumba cha matangazo kabla ya kazi. Leo kumbe kipaza sauti kilikuwa kimewashwa. Ghala zima limenisikia!

Nilikuwa namwambia Mungu: "Bosi anataka nimtaje aliyevunja vioo vya mteja, amfukuze. Baba, simtaji. Sifa nawagawia wote, basi lawama nazibeba mimi msimamizi. Na umlainishe bosi, moyo wake ni zege."

Zege, dada! Nimesema zege!

Kufungua mlango, bosi huyu hapa. Nikajua kazi imeota mbawa.

"Umeshasema amina?"

"Bado, bosi."

"Rudi ukamalizie. Hafukuzwi mtu."

Kumbe kipaza sauti bado kimewashwa! Kabla sijageuka, ghala zima likaitikia: "Amina!"