Simu Zilipomnyamazisha Mwenyekiti

Wanji, wacha unachofanya! Leo Gichuki wetu nusura afutwe kazi hapa Garissa.

Si unajua anaundia ushirika wa wafugaji tovuti? Mwenyekiti wao, mama Shamso, alitaka ukiifungua tu kwa simu, video ya hotuba yake ijicheze yenyewe. Leo wakaizindua. Ikajicheza kweli, lakini BILA SAUTI!

Ukumbi mzima unatazama simu, mama anapanua mdomo tu.

"Gichuki, nani amenifunga mdomo?"

"Si mimi, mama. Simu haikubali video ijianzishe na sauti. Lazima mtu aibonyeze."

"Simu hainikubali MIMI?"

Wanji, mama alipanda jukwaani akaanza kuisemea ile video! Gichuki anatamani ardhi immeze.

"Soko jipya la ngamia tutalifungua Desemba, inshallah!"

Hapo mzee Nunow, muuza ngamia, akabonyeza sauti. Mama wa kwenye simu akasema, "Juni!"

Juni, Wanji!

"Wallahi, mwenyekiti," Nunow akauliza, "tumwamini yupi?"

Mama akamgeukia Gichuki, sauti imelainika kama siagi: "Kijana wangu, hizi simu zina akili. Ziache hivyo hivyo."