Mayu, Nimehamia Kiseke

Mpendwa Mayu, mama mkwe wangu,

Kabla ya salamu, taarifa: tumehama. Mwanao amestaafu kazi ya meli, tumejenga Kiseke, nyumba ndogo juu ya mwamba, na ukisimama barazani unaliona ziwa. Jana mwenyekiti wa mtaa, kijana mpole, alibisha hodi akasema, "Shikamoo mama, nimekuja kuwatambua wakazi wapya." Mimi, ambaye magazetini wananiita mama wa magomvi, niliyewahi kumwita waziri mwongo kwa maandishi kisha nikalala usingizi mzito, nilishika fremu ya mlango nikamjibu kijana yule kwa sauti ya mtu aliyekamatwa. Nina uraia tangu mwanangu wa kwanza akiwa darasa la pili. Woga wangu haujasikia habari hiyo.

Wewe ulikuwepo woga huu ulipoanza. Kwa hiyo nakuandikia wewe, na wengine wasome.

Unakumbuka nilivyofika. Mwanao alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli iliyokuwa ikienda mpaka Port Bell, na duka la baba yangu lilikuwa karibu na bandari ile. Tulioana haraka, maana kwetu Uganda mambo yalikuwa yameharibika. Baada ya harusi wanajeshi walimtoa baba dukani mchana, wateja wakitazama, wakamtia kwenye gari. Hatukumwona tena. Nilishuka Mwanza na sanduku moja. Ulinipokea nyumbani kwako karibu na Bujora, ndani ya ua wa minyaa. Nilipopiga magoti kukusalimu, kama tufanyavyo kwetu, ulimgeukia jirani ukasema, "Kumbe hata huko kuna watu wenye adabu!" Ukanifundisha kusema mwangaluka, salamu yenu ya asubuhi. Ukanifundisha kula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, na nilipoulizia matoke ukanicheka mpaka ukakaa chini.

Ofisi ya uhamiaji mjini niliandikisha anuani yangu kwa jina la marehemu mumeo: kwa Mzee Masanja, karibu na Bujora. Wakaniambia mgeni akihama lazima atoe taarifa. Nikaitikia. Nihame niende wapi?

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Nimesoma vitabu vingi vya wasomi juu ya mwaka ule, vya wanaoutetea na vya wanaoulaani, na hakuna hata kimoja kinachotaja chungu chako cha maharage. Mgambo walipanda juu ya paa, wakang'oa nyasi. Uliwaomba wasubiri maharage yaive. Mmoja akakipiga teke chungu. Mwanao alikuwa majini. Tulipakiwa kwenye lori mimi, wewe, kuku na kitanda, tukashushwa kando ya barabara penye vigingi vilivyopangwa mstari mmoja. Hapo ndipo kijijini kwetu, tukaambiwa. Mimi niliuamini ujamaa, na hata leo sioni aibu kuamini kwamba watu wakikaa pamoja watagawana shule na maji. Lakini atakayeniambia undugu unapakiwa kwenye lori, nitabishana naye mpaka achoke.

Sikwenda kutoa taarifa ya kuhama. Halikutujia akilini, si mimi, si wewe, si mtu yeyote kijijini. Serikali ndiyo iliyotubeba kwa lori lake. Ingekosaje kujua imetushusha wapi?

Mpaka siku ile balozi wetu wa nyumba kumi alipokuja shambani, akakuvuta pembeni. Nilimsikia, maana balozi yule hakujua kunong'ona.

"Watu wa uhamiaji walikwenda kule kwenye mahame kumtafuta mgeni wako. Wamekuta minyaa na majivu. Wameandika ametoroka. Anatakiwa kesho. Akikutwa na kosa, anarudishwa kwao."

Kwao. Kwa wale waliomtia baba kwenye gari. Tumbo langu lilikuwa limeanza kuonekana, na mwanao alikuwa Bukoba, ambako meli yake ilikuwa ikienda siku hizo. Sikula. Ulikaa mkekani ukinisuka nywele, ukizivuta kwa nguvu kuliko kawaida.

Ofisa wa uhamiaji aliyetupokea kesho yake alikuwa kijana, kofia yake ameiweka mezani.

"Wewe ndiye uliyetoroka?"

"Hajatoroka," ulidakia. "Mlitubeba."

"Mama, sijakuuliza wewe. Mgeni akihama anatoa taarifa. Huyu amehama, hakutoa. Meli ya Bukoba inaondoka kesho kutwa, na kutoka Bukoba mpakani si mbali."

Meli ya mwanao, Mayu. Wangenirudisha kwa meli ambayo mitambo yake inazungushwa na mume wangu.

Ulimsogelea yule kijana. "Wewe wa wapi, mwanangu?"

"Tuko kazini, mama."

"Unavyoyavuta hayo maneno, si wa huku."

"Mzaramo. Wa Kisarawe," alijibu bila kuinua kichwa.

Ukapiga makofi. "Mzaramo! Na mimi nimekaa hapa nakuheshimu!" Ukaichukua kofia ya serikali pale mezani, ukaivaa juu ya kilemba chako. "Babu zetu walibeba pembe kwa miguu mpaka pwani, wakafika na kiu, babu zenu wakawauzia maji! Leo unataka na mkwe wangu?"

Nilijua umepata wazimu. Nilitoka nchi ambayo mtu akigusa kofia ya mtu wa serikali hafiki nyumbani. Nilianguka magoti kwenye saruji, nikavishika viatu vya ofisa, nikalia kwa Kiganda, maana Kiswahili chote kilinikimbia. Mlango ukafunguliwa. Askari akaingia. Nikafumba macho, nikangoja mkono begani.

"Msukuma mla michembe wewe!" Sauti ya ofisa ilikuwa juu. "Unalala chumba kimoja na ng'ombe, halafu unakuja kunivalia kofia?"

"Ng'ombe wangu anaoga kukushinda. Ninyi kazi yenu ni kulala chini ya mnazi, mdomo wazi, mkingoja nazi ishuke."

"Bibi, lete kofia."

"Andika kwanza anuani. Usipoandika, naenda nayo, kuku wangu watatagia humu."

Nilifumbua macho. Askari alikuwa ameegemea ukuta akijifuta machozi ya kicheko. Ofisa naye anacheka, mpaka aliponiona pale sakafuni.

"Huyu analia nini?"

"Ni mgeni, hajui utani," ulisema. "Umemtisha mtoto wa watu, mjinga wewe."

Kicheko kikamwisha. Aliinama, akaninyanyua mwenyewe, akaandika kwamba kijiji chetu kilipelekwa barabarani na serikali, nami nikapelekwa pamoja nacho. Kofia ulimrudishia ukiwa tayari mlangoni.

Wasomaji wangu wangependa niishie hapa niusifu utani wa Wasukuma na Wazaramo, ambao matusi yake ni undugu. Nausifu. Lakini nimejiuliza miaka yote hii: na angekuwa Mhaya? Angekuwa Mmakonde? Sheria ilikuwa vilevile, lori lilikuwa lilelile, mimba ileile. Nilipona kwa sababu ya mahali alipozaliwa kijana mmoja. Nchi iliyotangaza watu wote ni sawa haikuwa na kitu kingine cha kuniokolea pale ofisini, na hilo ndilo ninalogombana nalo kila ninaposhika kalamu.

Tulipotoka nje ulinipa mkono nikuvushe mtaro.

"Na asingecheka je, Mayu?"

Ulikifunga upya kilemba chako. "Ningekaa na kofia," ulisema. "Wangenipeleka na mimi."

Tulipokuzika, yule Mzaramo alikuja. Alikuwa na mvi, ameoa hukuhuku, anaishi Butimba. Jeneza lilipotaka kushushwa alijilaza ukingoni mwa kaburi, mikono kifuani. "Huyu mama anahama na hajatoa taarifa! Haendi popote!" Watu walicheka huku wanalia. Mwanao akampa jogoo wa kumkomboa, kama ilivyo desturi kwa mtani, ndipo akainuka, akavua kofia yake, akaiweka juu ya jeneza. "Haya, ivae tena kidogo," akasema. Wote walicheka, Mayu. Mimi niliposikia neno taarifa nilitazama nyuma, kuona kama kuna gari.

Ndiyo maana nakuandikia mapema. Kiseke, juu ya mwamba, mlango wa bluu. Jana mwenyekiti alipomaliza kuniandika alinitania kidogo juu ya Waganda na ndizi zao. Nilitafuta jibu kama lako, la kumwacha hoi, nikalikosa. Alipoondoka nikafunga komeo. Kisha nikalifungua, nikakaa barazani mlango ukiwa wazi mpaka mwanao aliporudi.

Akitokea huko uliko wa kuniulizia, usimwache aandike nimetoroka. Mwambie nipo.

Mkamwana wako,
Mama Kabula