Ndoo Uliyoniachia

Mwende, rafiki yangu uliyetangulia,

Leo msichana wa kidato cha tatu amerudi darasani kwangu baada ya kujifungua. Wenzake wamemsogezea kiti, mmoja akamuuliza mtoto anaitwa nani. Siku hizi inaruhusiwa. Nimefundisha hesabu hadi kengele, kisha nikaenda chooni nikalia.

Unakumbuka enzi zetu za bweni, miaka ile ya sabini? Kiangazi kilipokaza tulichota maji mchangani kule mtoni, na kila wasichana wawili waligawana ndoo moja ya kuoga. Yetu ilikuwa yako, ya bluu, jina lako umelikwaruza kwa msumari. Kila Jumamosi ulinitanguliza, nawe ukaoga masalio yangu. "Oga wewe kwanza. Mimi ni wa Kyuso, kwetu hata mbuzi inajua kungoja maji." Nami, kwa uroho wangu, sikukataa hata siku moja.

Muhula wa pili ukaanza kuoga umejifunga leso. Siku moja ikateleza, nikaliona tumbo. Ulinitazama tu, ukaifunga tena.

Mwende, ni mimi niliyemwambia matroni. Alikuwa akituombea, akiwapikia wagonjwa uji, nikadhani atakuficha, atajua la kufanya. Kabla ya chakula cha mchana ulikuwa umesimamishwa mbele ya shule nzima, sanduku lako miguuni. Waliokucheka ni wale wale uliokuwa ukiwasuka nywele. Ulipofika kwangu hukulia. Ulinisukumia ndoo.

"Baki nayo. Sasa utaoga na nani?"

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuja Kyuso nimeibeba, nije nikuambie ukweli. Mama yako alikuwa uani akipura ndengu. Aliitambua ndoo kabla ya kunitambua mimi. Akaniambia ulifariki ukijifungua, na mtoto naye hakukaa. Kisha akanishika mikono yote miwili.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, alikuwa anasema shule yote ilimgeuka, ni wewe tu ulimfichia siri. Alituambia tukuombee."

Sikumwambia. Nilikula sahani nzima ya isyo, mahindi na maharagwe aliyonipikia, nikainamisha kichwa, nikaombewa. Ndoo akakataa kuipokea, akasema uliniachia mimi. Nikarudi nayo kwetu Makueni.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalinikuta nikiwa na miaka kumi na tisa, na hayajaniondoka. Mama yako naye amekufa akiniamini. Kanisani nimetubu hata nimechoka, lakini Mungu siye niliyemsaliti, na wewe hujibu. Sioni atakayenisamehe tena.

Ndoo ilitoboka zamani. Iko chini ya kitanda changu, na jina lako bado linasomeka. Pumzika, dada. Kama huko mliko mnajua yote, basi umeshajua, na ninaogopa siku ya kukutana nawe.

Mwenzako wa ndoo,
yule aliyeoga kwanza