Kopo la Dawa ya Kahawa

Kariakoo, 4 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku Dar hatujambo, ni joto tu. Mguu umepungua kuvimba? Na kikohozi cha Baba?

Hyasinta akija Rombo kuchukua ndizi atakupa vidonge vyako vya mwezi huu. Kama ulivyotaka, nimevitoa kwenye boksi la hospitali nikavitia kwenye kopo jipya, tupu, la dawa ya kahawa, hizi tunazouza dukani kwa Bwana Hamud. Baba akiliona hatauliza. Wala sikudanganya sana. Daktari alisema vidonge vinazima kinasi, kile kimeng'enya kilichokwama kama swichi na kuzidisha chembe nyeupe kwenye damu yako. Karatasi ya dawa ya kahawa nayo inasema inazima kinasi, ila ya ukungu wa majani.

Lakini hivi ni vya mtu! Kimoja kila siku baada ya kula, usiruke. Nijibu kwa mkono wa Hyasinta, maana simu ya nyumbani anapokea Baba.

Mwanao, Josepha


Kariakoo, 19 Machi

Mama,

Shikamoo. Waendeleaje? Hyasinta amerudi mara mbili mikono mitupu. Anasema, "Mama yako anacheka tu, kasema ni mzima." Ukicheka hivyo mimi naogopa. Leo nimemwandikia mteja risiti ya mbolea, kumbe kachukua mbegu. Bwana Hamud akauliza, "We binti, umependa au umefiwa?" Nikaenda stoo kulia.

Unameza? Niandikie neno moja tu.

Mwanao, Josepha


Rombo, 24 Machi

Mwanangu Josepha,

Marahaba. Mguu hauna neno. Usilie mbele ya watu.

Kopo nililiweka chini ya kitanda. Baba yako alikuwa anatafuta viatu vya mvua, akaliona. Alivyofurahi! "Huyu mtoto ana akili, kajua majani yangu yanadondoka." Akayeyusha vidonge vyote kwenye ndoo, akajaza bomba, akapulizia mistari miwili ya mibuni. Nilisimama mlangoni na ungo wangu. Ningesema nini? Akijua naumwa atauza kihamba, shamba letu la urithi, kama alivyouza ng'ombe wote kwa ajili ya dada yake, na dada yake akafa vilevile.

Leo siku ya kumi na mbili sijameza. Nachoka hata kufua. Usimwambie.

Mama yako


Kariakoo, 26 Machi

Baba,

Shikamoo. Pole na kikohozi. Nimemwambia Hyasinta barua hii akupe wewe mkononi. Mama alinikataza kukwambia.

Lile kopo halikuwa dawa ya kahawa. Ilikuwa dawa ya Mama. Ana saratani ya damu, mwaka wa pili sasa. Mimi ndiye niliyeitia humo. Dawa inatolewa bure, usiuze chochote. Lakini kwa kuwa hii imepotea, hawatatoa nyingine mpaka wamwone. Mlete, Baba. Nakuomba.

Binti yako, Josepha


Rombo, 28 Machi

Josepha,

Marahaba. Sijaandika barua tangu nilipokuwa namchumbia mama yako, nisamehe mwandiko.

Yako nimeisomea katikati ya ile mistari miwili. Nilikuwa nawatambia majirani, "Tazameni, dawa ya Kariakoo hiyo!" Majani yanadondoka vilevile.

Nilimuuliza mama yako kwa nini alinyamaza. Akasema, "Ungeacha kuuza kihamba?" Nikasema nisingeacha. Akacheka, kisha akalia.

Kesho tunapanda basi. Barua hii simpi Hyasinta, nitakupa mwenyewe tukifika. Mbele ya mama yako sitaweza kukwambia kwamba naogopa.

Baba yako, Kasmir