Shairi la Shati

Sangailu, 20 Mei 2025

Abaayo Idman, dada yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, mbuzi wanakula, goti langu linalalamika kama kawaida. Wewe na watoto mwaonaje hali? Nakuandikia Kiswahili cha shule kwa sababu mimi Kisomali sikufundishwa kukiandika, na mtandao huku haushiki. Dereva wa lori la maji atakufikishia.

Nina swali. Wale washairi wenzako wa Garissa waliojiita Wasio na Majina, ambao baba aliwaita waliopotea: nani kati yao alitunga shairi la shati, lile la dada anayefua damu kwenye shati la kaka yake? Siku hizi linaghaniwa kila mahali. Mwezi uliopita kijana mmoja wa Bura alitumwa kulipiza kisasi, akakataa. Aliwajibu wazee kwa mstari mmoja tu, "Nilifua mpaka maji yakachoka," nao wakamwacha. Mimi nimelihifadhi lote. Lakini kwetu mghani humtaja mtunzi kabla ya kufungua kinywa, na mimi naghani kama mwizi.

Kaka yako,
Yahye

Garissa, 29 Mei 2025

Kaka Yahye,

Waaleikum salaam. Tu wazima, alhamdulillahi, joto ndilo linatutesa. Pole na goti, punguza chumvi. Nimecheka kusikia umekuwa mghani, wewe uliyechoma madaftari yangu. Sina hasira tena, nakukumbusha tu.

Jina sikupi. Vita vya ng'ambo ya mpaka vilikuwa vimetumwagia watu na bunduki, nasi tulikuwa tumechoka na mashairi ya kusifu ukoo. Tukawa tunakutana nyuma ya duka la fotokopi. Tulitupa sheria za washairi wakubwa, tukaandika mambo ya nyumbani: chai, nywele, maiti. Tukaapa kutotaja majina, ili shairi lisiwe na ukoo wa kulitetea wala wa kulipinga. Karatasi zetu zilipanda malori hadi Dadaab, watu wakazisoma bila kuuliza ni za nani. Wewe nawe ghani tu.

Dada yako,
Idman

Sangailu, 8 Juni 2025

Abaayo,

Idd njema. Hujambo? Huku hatujambo.

Wazee wa koo mbili zinazogombania kisima watakaa kupatana tarehe tano Julai, na wameniomba nighani shairi hilo. Mzee Dubow, babake marehemu Sakariye aliyeuawa pale kisimani, amekubali kuja kwa sharti moja: mtunzi atajwe. Miaka ishirini na miwili hajajua nani alimuua mwanawe. Anasema maneno yasiyo na mwenyewe hayawezi kumaliza damu, na mimi naona ana haki.

Asipokuja, hakuna suluhu. Nipe jina, wacha maringo ya mjini.

Kaka yako,
Yahye

Garissa, 21 Juni 2025

Kaka,

Natumaini uko salama. Mimi silali vizuri tangu barua yako ifike.

Mtunzi ni mimi. Ukinitaja, watauliza dada yule alikuwa anafua shati la nani, na wote wanajua nina kaka mmoja. Siku aliyouawa Sakariye ulirudi na damu kwenye shati, ukasema umechinja mbuzi. Nilifua mara tatu. Sikukuuliza, nawe hukusema. Ulipochoma madaftari, shairi lilikuwa limeshafika Garissa.

Wenzangu walificha majina kwa ajili ya ushairi. Mimi nilificha langu kwa ajili yako. Sema umeugua, sema umesahau beti. Naogopa, Yahye. Nakupenda na naogopa.

Dada yako,
Idman

Sangailu, 9 Julai 2025

Abaayo Idman,

Assalaam aleikum. Mimi mzima. Watoto wasalimie, mmoja mmoja.

Nilijua tangu mara ya kwanza kulisikia kwamba kila nyumba ilikuwa na shati kama hilo. Sikujua kwamba hilo ni langu lenyewe.

Nilisimama. Nikasema limetungwa na Idman binti Abdullahi, na kaka aliye ndani yake ni mimi. Kisha nikaghani hadi mwisho, sikukosea neno. Hakuna aliyenyanyuka. Wazee watakaa tena Jumanne kuamua juu yangu. Usije.

Mzee Dubow hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu: mwanawe alisema nini mwisho. Nikamwambia aliomba maji, na kibuyu changu kilikuwa kimejaa.

Kaka yako,
Yahye