Kaburi la Babu Kisiwani

Jumatatu, 3 Machi
Nimevuka ziwa asubuhi. Nimefagia kikanisa, popo wamechafua altare tena. Boma la mawe nimelizunguka. Hakuna jiwe lililoanguka. Tangu mke wangu afe nafanya peke yangu. Hakuna mwingine anayeiweza kazi hii.

Jumatano, 5 Machi
Simu kutoka Kayanga. Afisa utamaduni anakuja Jumamosi kuandika historia ya kisiwa. Litawekwa bango. Amepata mtu wa kumsimulia, ndiye mimi. Mukama, mfalme wetu wa zamani, alijenga boma akimkimbia kaka yake. Alipokufa likabaki tupu. Mapadri wakabomoa ukuta mmoja, wakajenga kikanisa kwa mawe hayohayo. Aliyeyapanga ni babu yangu. Kazikwa nyuma ya kikanisa. Nataka jina lake kwenye bango. Sitaki kingine.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesafisha nyuma ya kikanisa. Nimeng'oa vyote, nimechoma. Mlamula nao, ule mti wa kuwekea alama. Wavuvi waliupanda kudai mpaka, wanadhani mimi mjinga. Panang'aa kama uwanja wa shule.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemsimulia shemeji Felisia, dada wa marehemu mke wangu. Akaacha kumenya ndizi.
"Mlamula upi?"
"Wa wavuvi."
"Wavuvi gani? Ule ni wa kaburi la babu yako. Dada aliupanda upya kila ulipokauka. Wewe shemeji kazi yako kujisifu tu."
Nimeondoka bila kuaga. Kaburi nililijua kwa mdomo. Kwa miguu alilijua mke wangu. Nina hasira na mikono yangu.

Jumamosi, 8 Machi
Amekuja. Binti mpole.
"Shikamoo, mzee. Familia tatu zinadai babu yao ndiye fundi. Karatasi za mapadri hazina jina. Nionyeshe kaburi, nitaandika."
Pale nyuma kote kunafanana, hata mlamula ulipokuwa sipakumbuki. Majivu tu. Ningenyoosha kidole popote, angeandika. Mkono ulishanyanyuka. Nikaona nitamlaza babu mahali asipolala.
Nikasema sijui. Alama nimeing'oa mwenyewe.
Akasema, "Pole, mzee." Akafunga daftari.

Jumapili, 30 Machi
Bango limewekwa. Nimelisoma kwa kidole, mara mbili. Kikanisa kilijengwa na mafundi wa hapa. Basi.
Hakuna aliyekuja leo. Nimefagia ndani. Nyuma sipiti tena katikati, nazunguka pembeni kabisa, nisimkanyage.