Tarehe Isiyo na Nuksi

Shoga, uko wapi? Usinipigie, bado niko kwa wakwe.

Unajua ukumbi wa harusi umebakiwa na siku tatu tu mwezi wa Aprili, na zikikataliwa zote tunasubiri mpaka mwakani. Basi mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, wewe si umesomea historia? Hebu tazama siku hizo kulitokea nini. Sitaki siku yenye nuksi."

Na mimi na ujinga wangu nikatazama kwenye simu.

Tarehe kumi na nane, tetemeko lilibomoa mji. Kumi na tano, ile meli kubwa ilizama. Zote zikafutwa. Mchumba wangu anaangalia dari tu.

Kumi na mbili nikashangilia moyoni. Mtu wa kwanza alikwenda anga za juu. Nikasema, "Na alirudi salama, mama, siku hiyohiyo."

"Ndoa gani ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo?"

Shoga. Siku hiyohiyo. Nilitamani ardhi inimeze.

Kwa sauti ya mbu nikamuuliza, "Mama, nyinyi mlioana lini?" Mosi Septemba. Nikatafuta, nikaifunika simu mapajani. Baba mkwe akaichukua simu, akavaa miwani, akasoma: "Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilianza."

Kisha akasema polepole, "Kumbe nilionywa."

Alicheka peke yake.

Mama mkwe akanigeukia. "Andika kumi na mbili. Kama ya vita imetufikisha hapa, hiyo haina neno. Na huyu mzee asinisemeshe leo."

Tunaoana, shoga. Ila baba mkwe amenifuata jikoni, ananiomba nimtafutie tarehe nzuri ya kurudi sebuleni.